Muulize Baba Kama Kuna Njia ya Haraka Zaidi

Kihonda, Jumamosi alasiri

Mwanangu Veronika,

Mama yako yuko chumbani kwako anafungasha begi kwa mara ya tatu. Nasikia zipu inafunguliwa, inafungwa, inafunguliwa tena. Habari za shuka, sufuria, chandarua na namna ya kuishi na wenzako wa chumba kimoja ameshakuambia, na kesho asubuhi stesheni ataanza upya mpaka treni iondoke. Humo mimi sina la kuongeza. Wewe umepanda kwenda Bigwa kumuaga bibi yako, na mimi nimekaa barazani na daftari lako la kidato cha sita, naandika kwenye kurasa za nyuma ulizobakiza. Ukikuta limechanwa, ni mimi.

Nimechoka, mama. Kazi ya ufundi haijawahi kunichosha hivi. Kuna neno moja nimekuwa nalo kooni kwa zaidi ya mwaka mmoja na nimeshindwa kulitoa. Juzi wakati wa kula nilifungua kinywa nikuambie, nikaishia kuomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu. Ukanicheka. Mama yako hakucheka, maana yeye anajua.

Neno lenyewe ni hili. Ile programu yako ya sataranji haikuwa mbovu. Nilipokuambia ni mbovu nilikuwa sijui, na nilipokuja kujua nikapiga kimya. Halafu ukachaguliwa kozi mbili kule Dodoma, ya kompyuta na ya utawala, nawe ukathibitisha ya utawala. Nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Kompyuta sina kichwa nayo, baba mwenyewe aliniambia." Mama yako alitoka na sufuria mkononi akasimama mlangoni akanitazama. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Sasa nianze mwanzo, ili usije ukadhani nakufariji kwa sababu unaondoka.

Unakumbuka Jumapili ile. Ulikuwa likizo ya kidato cha tano, tumetoka misa ya pili, umekaa mbele ya ile kompyuta yangu ya mezani, lile kabati, nililopewa na shamba la miwa walipokuwa wanayatupa. Ulikuwa umeshinda likizo nzima unaandika programu yako kwenye daftari, halafu unaiingiza kwenye mashine mimi nikiwa dukani. Uliiita Sisimizi. Nilikuuliza kwa nini Sisimizi, ukasema kwa sababu wako wengi na kila mmoja anabeba kidogo. Mimi programu yangu nilishaiita Ngome tangu ujana wangu, na nilikuwa najivunia mno. Hilo unalijua, kila mgeni aliyekanyaga hapa alionyeshwa Ngome kabla hajapewa chai.

Wazo lako lilikuwa zuri, na nililielewa siku ileile, sitaki kujikosha. Ubao una nyumba sitini na nne. Wewe ukachukua namba moja yenye nafasi sitini na nne ndani yake, kila nafasi moja au sifuri, ukasema hii ndiyo picha ya askari weupe wote. Palipo na moja pana askari, palipo na sifuri hapana. Namba nyingine ya farasi, nyingine ya ngome, mpaka kete zote zikaisha. Ukitaka kuwasogeza askari wote mstari mmoja mbele, unasukuma namba nzima nafasi nane, basi, umemaliza. Mimi kwenye Ngome nilikuwa naiuliza kila nyumba, mojamoja, wewe una nani, na wewe una nani, kama karani wa sensa.

Ukaniomba tuzishindanishe. Nikasema haya.

Nikakaa mimi kwenye kibodi maana sikupenda mtu aguse kompaila yangu. Kompaila unaijua kazi yake, ndiyo inayochukua maneno tuliyoandika ikayageuza yawe amri za prosesa. Nikaiandikia amri kama nilivyozoea miaka yote. Ukaniuliza, na sauti yako naisikia mpaka leo, "Baba, huweki O na mbili? Kwenye kitabu wanasema tuweke, inaipa kompaila ruhusa ya kunyoosha programu."

Nikakujibu, "Hiyo O ni ya wavivu. Programu nzuri haibebwi."

Ukasema sawa baba. Tukaziachia. Sekunde tano kila hatua, michezo mitatu. Ngome ilikuwa inachungulia nafasi za mchezo laki mbili na ushee kwa sekunde, Sisimizi elfu sitini kwa kujikongoja. Yangu ilikuwa inaona mbali kuliko yako kila mara, na mchezo wa tatu ulipoteza malkia mapema mno, mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu. Aibu yangu nikaigeuza mzaha. Nikasema, "Kweli huyu ni sisimizi, anatambaa." Halafu nikakushika bega, nikajiona baba mwenye busara, nikasema, "Mama, kichwa chako hakijakaa kwa mambo haya. Tafuta kitu kingine."

Hukulia. Afadhali ungelia. Ulizima kompyuta kwa utaratibu kama nilivyokufundisha, ukaifunika na kile kitambaa cha maua, ukaenda kumsaidia mama yako kuchambua mchicha. Hukuigusa tena mpaka leo.

Ile O niliyoiita ya wavivu ina historia, na historia yenyewe hainipendezi. Hata mama yako nilimwambia mwaka huu tu.

Kabla hujazaliwa nilikuwa fundi wa mizani kwenye shamba la miwa. Trekta linaingia limejaa miwa, linapanda mizani, kompyuta inasoma uzito, inatoa tiketi, trekta linakwenda kiwandani. Programu niliiandika mimi. Ilikuwa nzito, na msimu wa kuvuna matrekta yalikuwa yanapanga foleni mpaka barabarani, madereva wanalala chini ya matela. Nilikuwa na mwenzangu pale, Mwanaidi, karani wa mizani, mtu wa Kilosa, mwepesi kuelewa kuliko mimi. Alikuwa anasoma kitabu cha kompaila wakati wa chai. Siku moja akaniambia, "Kaka, iko amri inaitwa O, tuijaribu, foleni itapungua." Nikamwambia jaribu. Akaiwasha.

Foleni ilipungua kweli, siku mbili. Siku ya tatu mizani ikaanza kutoa uzito wa ajabu. Trekta tupu linapewa uzito wa tembo wanne, lililojaa linaambiwa halina kitu. Meneja akatuita ofisini. Akauliza nani amegusa programu. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, nakumbuka feni ilikuwa inalia. Nikasema, "Mwanaidi ndiye aliyewasha ile amri." Sikudanganya, Vero. Kila neno lilikuwa la kweli. Kesho yake Mwanaidi akahamishiwa stoo ya magunia, na mimi nikaizima ile O, mizani ikatulia, nikaonekana fundi.

Kosa nilikuja kuliona baadaye sana, Mwanaidi ameshaacha kazi na mimi nimeshafungua duka langu hapa mjini. Nilikuwa napitia karatasi za zamani. Kwenye programu yangu palikuwa na namba moja ya kujumlishia uzito, na sikuwa nimeiambia ianze na sifuri. Nilisahau. Bila ile O, ile namba ilikuwa inaangukia mahali penye sifuri kwa bahati tu. Kompaila iliponyoosha programu, ikaiweka namba ndani ya prosesa yenyewe, mahali palipokuwa na mabaki ya hesabu nyingine, na uzito ukawa unaanzia hapo. Kompaila haikukosea, wala Mwanaidi hakukosea. Nilisoma ule mstari, nikakunja karatasi, nikazirudisha kwenye droo. Miaka yote iliyofuata nikaendelea kuwaambia watu kwamba O ni kitu kibaya. Ukishasema uongo kama huo inabidi uutunze, na mimi niliutunza vizuri mpaka wewe ukaja kuukanyaga ukiwa na miaka kumi na saba.

Nimeandika mpaka hapo na mama yako ametoka kuniuliza kama una soksi za kutosha. Nimesema sijui. Ameangalia daftari, ameona limejaa, amerudi ndani bila kuniuliza tena. Huo kwa mama yako ni upole mkubwa.

Sasa nilijuaje kuhusu Sisimizi. Ilikuwa miezi mitano baada ya ile Jumapili, umesharudi shuleni. Mwalimu mmoja wa chuo, wa kule Mzumbe, aliniletea laptopu inayozimika ikipata moto. Nikaifungua, nikasafisha feni, nikapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa. Unajua desturi yangu, laptopu ya moto siirudishi mpaka niitoe jasho kwanza, na cha kuitolea jasho ni Ngome. Naiachia icheze peke yake nusu saa, mkono wangu uko chini ya laptopu, nasikiliza feni. Mafundi wenzangu pale Msamvu hunicheka kwa hilo.

Siku hiyo Ngome haikuipandisha joto vya kutosha. Prosesa ilikuwa mpya, ya biti sitini na nne, ilikuwa inacheza nayo tu. Nikasema ngoja niiwashie ile O, ikimbie, iungue kabisa. Sababu yangu ilikuwa hiyo tu, nilitaka joto. Na kwa kuwa kwenye kile kifurushi cha programu zangu ninachotembea nacho Sisimizi alikuwa pembeni ya Ngome, nikampitisha na yeye kwenye kompaila kwa amri ileile, nikamwachia.

Vero, feni ilianza kulia. Nikaangalia namba kwenye kioo nikadhani macho yangu yameanza kuharibika. Ngome ilikuwa imeongeza mwendo, inachungulia kama nafasi milioni moja kwa sekunde. Sisimizi alikuwa anakaribia milioni tatu.

Nikajua tu umekosea mahali, unaruka baadhi ya hatua ndiyo maana unakimbia. Ndiyo kitu cha kwanza nilichofikiri juu ya mwanangu. Nikakupima kwa kipimo chetu cha kuhesabu hatua zote zinazowezekana tangu ubao unapoanza. Hatua ya kwanza ishirini. Ya pili mia nne. Ya tatu elfu nane mia tisa na mbili. Ya nne laki moja na elfu tisini na saba, mia mbili themanini na moja. Zote sawasawa, hakuna hata moja iliyopungua. Nikaenda nyumbani, nikalifunua lile kabati, nikakuhesabu na humo. Namba zilezile. Ulikuwa sahihi tangu ile Jumapili, kwenye mashine yangu mbovu, mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa naangalia mwendo tu.

Wiki nzima sikulala vizuri. Nikajaribu kitu kimojakimoja, ili nijue kosa langu lina ukubwa gani. Kwenye lile kabati bila O, unatambaa. Kwenye lile kabati ukiwekewa O, unaongeza mwendo zaidi ya mara mbili, unaikaribia Ngome lakini bado inakushinda. Kwenye laptopu bila O, unachechemea. Kwenye laptopu na O, hukamatiki.

Sababu nadhani umeshaielewa kabla sijaandika, lakini acha niandike, nimezoea kueleza. Lile kabati prosesa yake ni ya biti thelathini na mbili. Namba yako yenye ubao mzima haiingii humo kwa mkupuo mmoja. Inabidi ikatwe katikati, nusu ya chini ibebwe kwanza, nusu ya juu ifuate, na ukisukuma askari mbele, wale wanaovuka katikati ya ubao wapokelewe upande wa pili. Kila jambo dogo likawa safari mbili na zaidi. Ni kama wale akina mama wanaoshuka na mboga kutoka milimani. Wewe uliandaa tenga moja zima, la kubebwa mara moja mpaka sokoni, halafu mimi nikampa mtu asiyeweza kubeba zaidi ya nusu tenga, nikasimama barabarani na saa nikilalamika kwamba mboga zinachelewa. Ngome yangu ilikuwa inabeba kafungu kamoja kamoja, kwa hiyo kwake mashine ndogo haikuwa shida.

Na ile O. Wewe uliandika vizuri, kazi ndogondogo, kila moja na jina lake, moja inatafuta farasi, nyingine inahesabu, nyingine inasukuma. Mtu akisoma anaelewa. Kompaila isiporuhusiwa kunyoosha, kila kazi ndogo inaitwa kwa mbali, inakuja, inafanya, inarudi, mara milioni. Ikipewa ruhusa, inazifungua zote na kuzipanga mahali pamoja. Mimi Ngome niliiandika ovyoovyo, mstari mmoja mrefu kama treni ya mizigo, kwa sababu nilikuwa simwamini kompaila afanye lolote. Kwa maneno mengine, wewe ulimwachia mwenzako sehemu yake ya kazi, mimi kazi ya wote nilitaka kuifanya peke yangu, na nikaandaa mashindano ambayo mtu wa namna yako lazima ashindwe. Sikuyapanga makusudi. Ndivyo nilivyokuwa tu.

Nilirudisha laptopu ya watu, na kwako nikanyamaza. Nilijiambia umo kwenye masomo, nisikuvuruge. Ukaingia kidato cha sita, nikajiambia mitihani. Mitihani ikaisha, nikajiambia matokeo. Danadana hizo nilizipiga mwenyewe, hakuna aliyenisaidia. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Ningekuambia kuhusu O ungeniuliza kwa nini naichukia, na hapo ningefika kwa Mwanaidi, na kwa Mwanaidi sikutaka kufika.

Mama yako ndiye aliyenifikisha. Siku uliyothibitisha ile kozi, baada ya wewe kwenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, alikaa hapa kwenye hiki kiti akaniuliza, "Baba Vero, una nini na huyu mtoto?" Nikamwambia yote, mizani na Sisimizi. Akasema, "Usipomwambia wewe kabla hajapanda treni, nitamwambia mimi, na mimi ya kompyuta siyajui, nitayaeleza vibaya." Kisha akasema nianze kwa yule niliyemkosea kwanza.

Nikamtafuta Mwanaidi. Yuko Kingolwira, ana duka la pembejeo, mbegu na dawa za nyanya. Nilikwenda Jumanne iliyopita, wewe ulidhani nimekwenda kufuata spea. Alinitambua kabla sijavuka mlango.

"Kaka, umezeeka," akasema.

"Na wewe pia."

"Mimi nimenenepa tu. Karibu ukae."

Nikakaa juu ya mfuko wa mbolea. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanipotea. Nikasema, "Mwanaidi, ile siku ya mizani."

"Ile namba isiyo na sifuri?" akasema. Alikuwa anampimia mteja mbegu, wala hakuinua uso. "Niliiona wiki ileile. Nilizichukua karatasi nikazisomea nyumbani."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

Akafunga kile kipakiti, akampa mteja, akapokea hela, akasubiri atoke. Ndipo akanitazama.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe," akasema.

Nimefikisha umri huu, nimezika wazazi wangu wote wawili, na sikumbuki kitu kilichonikata maini kama hicho. Hakugomba. Nilimwomba msamaha, akasema ameshanisamehe zamani kwa sababu kubeba chuki kazini kwake hakulipi, lakini amefurahi nimekuja. Akanipa soda. Akauliza watoto. Nikamwambia nina binti anakwenda chuo Jumapili. Akauliza, "Anakwenda kusoma nini?" Nikasema utawala, na sauti ikaniishia njiani. Mwanaidi ni mtu mwepesi kuelewa, nimeshakuambia. Hakuuliza la pili.

Kwa hiyo ndiyo hivyo, mama. Naandika haya kwa sababu na wewe sitaki unisubiri mpaka unenepe na uwe na duka.

Sikuambii ubadilishe kozi. Nimeshakuamulia mara moja na umeona nilivyoamua. Utawala ni kozi ya heshima, na jinsi ulivyoendesha ile kwaya nafikiri unaweza kuwa mkubwa wa watu. Nimeulizia, wanasema wiki za mwanzo mwanafunzi anaruhusiwa kuomba kuhama, na ile ya kompyuta ulikuwa umeshachaguliwa, kwa hiyo ukiomba huendi mikono mitupu. Ukibaki ulipo, baki. Ninachotaka ni kwamba utakapochagua usiweke yale maneno yangu kwenye mizani. Hayakuwa na uzito. Yalitoka kwenye namba isiyoanza na sifuri.

Na ukikasirika, kasirika. Unayo haki. Usipopiga simu wiki mbili nitaelewa, ingawa mama yako hatanielewa mimi, na humu ndani hapatakalika. Ukinichukia kidogo, vumilia, nadhani itapungua. Mimi nilimpenda baba yangu bila kumsema vibaya hata siku moja, na sikuwahi kumwambia alichonikosea, na nadhani ndiyo sababu nilijua kunyamaza vizuri hivi. Hilo nisingependa ulirithi.

Jambo dogo tu la kazi, kama fundi kwa fundi, halafu nakuacha. Ukiona kitu kinakwenda polepole, kiwe programu au mtu aliye chini yako, uliza kwanza kinaendeshwa juu ya nini. Mimi sikuuliza. Ingenichukua dakika mbili.

Lile kabati nimelitoa nje ya chumba. Liko nyuma ya banda la kuku, sijui nitalifanyia nini. Sisimizi nimemweka kwenye flashi, na flashi iko kwenye kile kimfuko cha pembeni cha begi, nyuma ya vyeti vyako. Sikubadilisha hata herufi moja. Kwa kweli nilitaka. Alhamisi nilikaa nayo dukani kutwa nzima, nimeichapa kwenye karatasi, nina kalamu nyekundu, natafuta angalau kosa moja ili nisiwe nimekosea peke yangu. Niliisoma mstari kwa mstari mpaka wenzangu wakaanza kufunga milango. Kalamu sikuitumia.

Ila karibu na mwisho, kwenye ile kazi ndogo ya kuhesabu moja zilizomo ndani ya namba, ile inayozifuta mojamoja mpaka ziishe, nilikuta umejiandikia maelezo ya pembeni, yale ambayo kompaila huyaruka na husomwa na binadamu tu. Siku ya mashindano sikuyaona kwa sababu sikusoma chochote, nilipitisha kwenye kompaila tu. Umeandika: *muulize baba kama kuna njia ya haraka zaidi.*

Hukuniuliza. Nilikuwa nimeshasema.

Basi nimekwenda kuangalia, ili nikujibu kwa uhakika. Nimezifungua amri zilizotoka kwenye kompaila, kwenye laptopu mpya ya mteja mwingine, nikatafuta pale mahali pako. Ule mzunguko wako wote haupo. Ukiiruhusu inyooshe, na ukiiambia iko juu ya prosesa gani, inatambua unachotaka kufanya, inaufuta mzunguko mzima na kuweka amri moja ya prosesa. Moja tu. Inahesabu ubao wote kwa mkupuo.

Nimeangalia kila namna ninayoijua, Vero. Hakuna njia ya haraka zaidi. Uliiandika vizuri.

Baba yako